Gari linapokunywa maji: namna ya kutafuta uvujaji kabla injini haijachemsha

Mshale uliposhuka nilimshukuru Mungu. Nilikuwa kwenye kona za Kitonga, natokea Morogoro kwenda Iringa, mbele yangu semi la mbolea linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Mshale wa joto wa RAV4 yangu ulikuwa umekaribia alama ya H, mikono imelowa jasho kwenye usukani, mara ukaanza kurudi. Ukapita katikati, ukaendelea kushuka. Nikasema ahaa, limepoa. Hazikupita dakika tano injini ikaanza kugonga kama mtu anapiga sufuria kwa kijiko, nguvu ikakata, mvuke ukatoka kwenye kila upenyo wa boneti.

Siku ile sikujua kwamba sensa inayoendesha mshale hupima joto la maji. Maji yakiisha, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka huku chuma kinaungua. Kwa hiyo mshale ukishuka ghafla wakati unapanda mlima, ogopa kuliko ulipokuwa unapanda.

Hedi (kichwa cha chuma cha juu ya injini) ilipinda, gasketi inayoziba chini yake ikaungua, gari likalala gereji siku 16. Mimi nauza dawa za mifugo. Nyuma kulikuwa na boksi la baridi lenye chanjo za kideri za wafugaji wa Ilula, na barafu iliyeyuka kando ya barabara nikiiangalia. Lakini kinachoniuma mpaka leo ni miezi mitatu ya kabla ya hapo. Kila Jumamosi nilikuwa naongeza maji, nusu lita hivi, nafunga mfuniko, naondoka. Kila niliyemwambia alinijibu kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo. Sivyo. Mfumo wa maji ya injini umefungwa pande zote. Maji uliyoweka leo yanatakiwa yawemo humo mwakani. Yakipungua kila wiki kuna mahali yanatokea, na kuongeza bila kutafuta mahali hapo ni kulea ugonjwa.

Gari langu ni la mwaka 1998, injini ya 3S, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya injini hiyo. Kanuni zenyewe ni zile zile kwa Corolla, Noah au Carina ya jirani yako.

Likichemsha ukiwa njiani

Kuna hali mbili, na usizichanganye.

Ya kwanza: mshale umepita mahali pake pa kila siku lakini hujaona mvuke na gari bado lina nguvu. Zima kiyoyozi, shusha vioo, washa hita mpaka mwisho na feni yake mpaka mwisho. Utatokwa jasho, lakini hita ni rejeta ndogo iliyo ndani ya gari, na kila joto linalokupiga usoni limetoka kwenye injini. Punguza gia, usikanyage mafuta kwa nguvu, tafuta mahali papana pa kusimama.

Ya pili: kuna mvuke, au mshale uko kwenye nyekundu, au umeshuka bila sababu. Hapa usitafute kilele cha mlima wala kituo cha mafuta. Toka barabarani, zima injini. Weka jiwe nyuma ya tairi na pembetatu za tahadhari mbali vya kutosha, hasa kwenye kona, maana malori ya Kitonga hayasimami kirahisi. (Ukiondoka, ondoa mawe na matawi yako barabarani. Nakuomba sana. Watu wanakufa kwa mawe yaliyoachwa na walioharibikiwa jana.)

Kisha subiri. Mimi sikutaka kusubiri; nilikuwa tayari nimeshika kitambaa naelekea kwenye mfuniko wa rejeta. Utingo wa lori lililosimama kunisaidia alipiga kelele, "Mama, usifungue!" Akakunja mkono wa shati akanionyesha ngozi ya mkono wake, kuanzia kifundo mpaka kiwiko, imejikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto. Hakuongeza neno. Maji ya rejeta yakiwa chini ya pressa yanaweza kufika nyuzi 110 na zaidi bila kuchemka. Ukifungua mfuniko pressa inaondoka, yanachemka yote kwa mara moja na kukurukia usoni.

Subiri walau dakika 45, saa nzima ni bora. Bonyeza mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa: ukiwa bado mgumu, usiguse mfuniko. Ukilegea na mkono ukaweza kuuvumilia, funika mfuniko kwa kitambaa kinene, uzungushe mpaka kituo cha kwanza tu, acha upumue mpaka unyamaze, ndipo uubonyeze na kuuzungusha mpaka mwisho. Usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto iliyokauka. Hedi ya alumini inaweza kupasuka. Ikishapoa, washa injini, mimina kidogo kidogo.

Kama ni mpira uliotoboka, ukanda wa tyubu ya baiskeli unakufikisha mji unaofuata. Futa mpira ukauke, zungusha ukanda ukiuvuta kwa nguvu, tabaka juu ya tabaka, funga ncha kwa waya. Mfuniko uache kwenye kituo cha kwanza ili pressa isipasue kazi yako, nenda polepole na usimame kuangalia maji kila baada ya kilomita 10 hivi. Hiyo ni ya kukufikisha tu.

Kutafuta maji yanakokwenda

Kazi hii ifanye asubuhi, gari likiwa limelala. Usiku uliotangulia tandika boksi lililofunguliwa chini ya injini yote, na kwa peni andika upande wa mbele na upande wa dereva. Asubuhi boksi ni ramani yako. Tone jeupe lisilo na harufu upande wa abiria, baada ya siku uliyotumia kiyoyozi, ni maji ya kiyoyozi. Hayo hayana neno. Tone lenye rangi, linaloteleza kati ya vidole na kunukia utamu utamu, ni kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta.

Boksi likiwa kavu usishangilie. Uvujaji mdogo hutokea injini ikiwa ya moto, na tone hukauka juu ya chuma kabla halijafika chini. Linachoacha ni magadi: ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi kutegemea kulanti yako. Chukua tochi ufuate ukoko huo kutoka chini kwenda juu, kwa sababu maji huteremka, na tundu siku zote liko juu ya pale ulipoona unyevu.

Mahali pa kwanza pa kuangalia ni kichwa cha rejeta. Rejeta nyingi za magari haya zina mwili wa alumini na kichwa cha plastiki, vimebanwa pamoja kwa meno ya alumini na mpira katikati. Plastiki ikizeeka hugeuka kahawia, inakauka, inapasuka kwenye mshono au kwenye shingo inayopokea mpira wa juu. Langu ndipo lilipokuwa limepasuka, ufa mwembamba kama uzi, ulikuwa unafunguka pressa ikipanda na kujifunga injini ikipoa. Ndiyo maana kila fundi niliyemwonyesha asubuhi aliona kukavu. Gundi za plastiki nimejaribu mara mbili na zote ziliachia ndani ya mwezi. Rejeta ya shaba huchomewa vizuri kwa fundi wa rejeta. Ya plastiki nunua nyingine.

Kisha pitia mipira yote. Ibonyeze ikiwa baridi: iliyovimba karibu na klipu, yenye nyufa kwenye mkunjo, au inayolia kama karatasi kavu ukiiminya, imekwisha. Usisahau ile miwili myembamba inayopenya ukuta wa nyuma ya injini kwenda kwenye hita. Na zulia la mbele likiwa bichi, kioo kikipata ukungu wenye harufu tamu, hita yenyewe inavuja ndani.

Halafu wotapampu. Kila pampu ina kitundu kidogo kilichowekwa makusudi. Sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo. Kwenye 3S pampu inaendeshwa na taimingi belti na imejificha nyuma ya kava, kwa hiyo hutaiona. Utakachoona ni unyevu unaotoka chini ya kava, upande wa dereva. Usiuache: belti iliyoloa kulanti haidumu. Belti hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukiifungua kwa sababu yoyote weka na pampu mpya hapo hapo, maana gharama kubwa ni ya kufungua.

Ukikosa kabisa, tafuta gereji yenye pampu ya kupimia pressa ya rejeta. Inafungwa mahali pa mfuniko, injini ikiwa baridi, unapampu mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wako, usizidishe, kisha mnakaa kimya dakika kumi mkitazama geji. Ikishuka, maji yanatoka mahali, na sasa yanatoka ukiwa umesimama na tochi mkononi, bila feni inayozunguka wala moto. Ufa wangu ulionekana kwa njia hii, baada ya miezi mitatu ya kukisia, kwa kazi ya robo saa.

Neno moja kuhusu usalama: feni la umeme linaweza kuwaka lenyewe hata gari likiwa limezimwa. Chomoa kichwa cha betri kabla ya kupeleka mikono huko, na sisi kina mama tuvue mtandio na kanga kwanza.

Nimeona watu wakitia yai, bizari, pilipili manga, hata unga wa ngano kwenye rejeta. Ufa unaweza kuziba kwa siku mbili. Lakini njia za maji ndani ya rejeta na hita nazo ni nyembamba, na uji huo utaziba hizo vilevile.

Mfuniko, kitu kidogo kinachodharauliwa

Mfuniko una kazi mbili. Springi yake hushikilia pressa, nao umeandikwa kiwango chake juu, mara nyingi 0.9 au 1.1 (kipimo ni takriban bar). Kwa pressa ya 0.9, maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Vali ya pili, ndogo, hufunguka injini ikipoa ili maji yaliyokimbilia kwenye chupa ya akiba yavutwe kurudi ndani.

Sasa fikiria Iringa mjini, karibu mita 1,600 juu ya bahari. Huko maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Injini yako yenyewe, ikiwa nzima, hufanya kazi karibu na hapo. Kwa hiyo mtu mwenye mfuniko uliokufa anaweza kuzunguka Dar es Salaam mwaka mzima bila kujua, na siku akipanda nyanda za juu gari linachemsha akadhani ni mlima.

Angalia mpira wa mfuniko: ukiwa umekauka, umepasuka au umeota magadi, badilisha. Ukikuta chupa ya akiba imejaa kila siku na rejeta imepungua, au mpira wa juu umenywea kama umefyonzwa asubuhi, ile vali ndogo imeganda. Nunua mfuniko wenye kiwango kile kile. Ukiweka wenye kiwango kikubwa zaidi "ili uwe na nguvu", utapasua mipira na kichwa cha rejeta.

"Mama, themostati tunatoa"

Fundi mmoja aliniambia, kwa upole kabisa, "Mama, hii ni ya nchi za baridi. Huku tunatoa." Na watu wengi wamesikia maneno hayo. Naomba uyakatae.

Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi unafungwa ili ipate joto haraka. Kwenye 3S hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Lakini ina upande wa pili ambao fundi wengi hawautaji: inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, hapo hapo inaziba njia ya mkato inayozungusha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani, pale unapohitaji kila tone lipoe, gari linachemsha. Kwenye barabara tambarare asubuhi injini hiyo hiyo inakuwa baridi mno na inakula mafuta.

Kuipima ni rahisi kuliko kubishana. Itoe, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni isiguse chini, chemsha. Kabla maji hayajachemka lazima uione inafunguka, na ikipoa ijifunge yote. Isipofanya hivyo nunua mpya, na unapoirudisha kile kipini kidogo kinachotikisika kielekee juu, kwa sababu hapo ndipo hewa hutokea.

Chemsho inatokea wapi?

Swali hili linaokoa pesa. Gari likichemsha kwenye foleni na kupoa ukishika mwendo, shuku feni. Kwenye Toyota za miaka ya 1990 kama yangu, chomoa soketi ya swichi ya joto inayotawala feni, fungua ufunguo bila kuwasha injini: feni lazima lizunguke. Likizunguka, waya, fyuzi na mota ni nzima, swichi ndiyo imekufa. Lisipozunguka, anza na fyuzi na rilei. Magari mapya yanaendeshwa na kompyuta na hayafuati jaribio hili.

Likichemsha kwenye mwendo mrefu na mlima lakini mjini ni salama, na mfuniko na themostati ni vizima, shuku rejeta iliyoziba, ndani au nje. Nje ni wadudu na mbegu za nyasi. Ukipita Mikumi jioni utajua ninachosema. Osha kwa maji yasiyo na nguvu, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele.

Dalili za gasketi ya hedi

Mpira wa juu unakuwa mgumu dakika mbili tu baada ya kuwasha injini baridi. Mapovu kwenye rejeta hayaishi. Moshi mweupe wenye harufu tamu hauondoki hata injini ikipata moto. Oili kwenye kijiti ina rangi ya chai ya maziwa. Ukiona oili hiyo usiwashe tena injini. Livute mpaka gereji.

Na fundi akifungua, hedi iende kwa fundi wa mashine ikapimwe kwa rula ya chuma. Kwa injini nyingi za Toyota kupinda kunakokubalika hakuzidi milimita 0.05, yaani kama unywele. Jicho halioni hilo. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haitakaa.

Kujaza na kutoa hewa

Ukishatengeneza, jaza kulanti na maji safi nusu kwa nusu, au kulanti iliyochanganywa tayari kama kibandiko kinasema hivyo. Watu wanadhani kulanti ni ya nchi za barafu. Kwetu kazi yake ni kuzuia kutu na magadi, na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima yenye chumvi ni adui wa alumini. Tumia maji ya kuongezea kwenye betri, yale meupe na siyo asidi, au maji ya mvua yaliyochujwa. Usichanganye kulanti za aina tofauti kwa kufuata rangi. Yangu, nyekundu ya aina ya zamani, naibadilisha kila miaka 2 au kilomita 40,000.

Ile uliyomwaga usiiache kwenye karai uani. Ni tamu na ni sumu. Nimeshaletewa dukani mbwa aliyelamba kulanti, na hakupona. Watoto pia huvutwa na rangi yake. Itie kwenye dumu lenye mfuniko.

Kutoa hewa: egesha pua ya gari ikiwa juu kidogo, injini baridi, mfuniko wazi, hita kwenye moto mpaka mwisho. Mimina polepole mpaka shingoni, washa, liache lingurume lenyewe. Kiwango kitashuka kwa mapovu, ongeza. Subiri mpaka mpira wa chini upate joto na hita itoe hewa ya moto kweli, hapo themostati imefunguka. Funga mfuniko, subiri feni liwake na kuzima mara mbili, zima. Kesho yake asubuhi fungua tena likiwa baridi. Karibu kila mara litadai robo lita nyingine. Baada ya hapo lisidai kitu.

Mimi nimechora mstari kwa makapeni kwenye chupa ya akiba na kuandika tarehe pembeni. Na nikielekea Iringa nasimama Ruaha Mbuyuni, kwenye vibanda vya vitunguu, kabla mlima haujaanza. Nafungua boneti, naangalia mstari, napitisha mkono chini ya kichwa cha rejeta. Mkono ukitoka mkavu, nanunua vitunguu vyangu, naingia Kitonga.